Kuhamia Kibishi kwa Akili

Simu ya mwenye nyumba haiji siku unayoitaka. Inakuja mwezi wa tano, kodi yako ikiwa imebakiza wiki tatu. Anataka miezi sita mbele, na pango limepanda kidogo, "si unaona mwenyewe maisha yalivyo, mwanangu." Ikiwa ni 250,000 kwa mwezi, hapo unatakiwa 1,500,000 kwa mkupuo. Na wewe kule Chanika, au Madale, au Kibada, una boma ambalo limeshapauliwa. Madirisha yana grili bila vioo, chini ni jamvi la zege lenye vumbi, na kwenye kenchi wameshahamia popo. Usiku unageuka kitandani unajiuliza: hiyo hela nimpe mtu, au niimalizie yangu?

Dar es Salaam uamuzi huo una jina lake: kuhamia kibishi. Unaingia nyumba haijaisha, unamalizia ukiwa ndani. Sitakukataza. Nyumba isiyo na mtu huibiwa polepole, leo koki, kesho nyaya, keshokutwa fremu ya mlango, na mlinzi naye anataka mshahara. Tena ukiwa unalala pale, fundi hawezi kukudanganya kwamba alikuja Jumanne. Ila kuna kibishi cha akili na kibishi cha hasira, na mimi nilianza na hicho cha pili.

Nilikuwa na hela ya kazi moja kubwa. Nikapiga jipsam ya sebuleni, na ukingo wenye taa, kwa sababu wageni wangeiona. Bafuni nikaweka pazia la kanga badala ya mlango, nikajiambia tutavumilia. Mwezi wa tatu ukuta wa chumba cha watoto ukaanza kuota ukungu. Kiungo kimoja cha bomba, kilichofukiwa ndani ya plasta bila kujaribiwa, kilikuwa kinavuja tangu siku ya kwanza. Tulitindua ukuta, tukatindua vigae, vumbi la saruji likapanda mpaka kwenye ile jipsam. Familia ililala koridoni siku tisa.

Tangu hapo nina swali moja ninalompa kila anayeniuliza aanze na nini: kazi hii inaweza kufanyika huku watoto wamelala humu ndani? Kama inaweza, isubiri. Kama haiwezi, kwa maana ya kwamba inafichwa ukutani, au inatoa maji, au inatimua vumbi, au itawanyima choo kwa wiki nzima, hiyo ndiyo ya kwanza, hata kama hakuna mgeni atakayeiona.

Choo kabla ya sebule

Ukihamia na vyumba vitatu visivyo na rangi, utaishi. Ukihamia bila choo kilichokamilika, utamkosea mkeo au mumeo kila asubuhi. Kwa hiyo chagua bafu moja, limalizie kabisa: vigae chini na ukutani, mlango wenye komeo, taa, koki, sinki, kila kitu. Kama nyumba ina mabafu mawili, la pili lifunge, na usisahau kuziba midomo ya mabomba yake ya maji taka kwa vizibo. Ukiacha wazi, kwanza itakuja harufu, kisha mende, kisha panya.

Anzia nje. Bomba la kutoka chooni kwenda shimoni linahitaji mteremko wa kama sentimita 2 hadi 2.5 kwa kila mita moja. Ukilala mno, uchafu unabaki njiani. Kila bomba linapopiga kona, weka chemba yenye mfuniko unaofunguka, maana hapo ndipo panapoziba. Usikubali mfuniko ukafukiwa kwa udongo au kupigwa zege juu ili uwanja upendeze. Shimo lenyewe liweke mahali ambapo mpira wa gari la kunyonya maji taka utafika kutoka barabarani. Watu wengi huchimba nyuma ya nyumba, wakaja kujenga ukuta wa uzio, na shimo linapojaa wanabomoa ukuta. Kama una kisima, au jirani anacho, shimo la kunyonya likae mbali nacho, angalau mita 30, na liwe upande wa chini wa mteremko. Jirani hatakuambia chochote leo. Atakuambia siku mtoto wake akiharisha.

Sakafu ya bafu ipimwe kwa maji, si kwa macho ya fundi. Kabla ya vigae, ziba tundu la maji, jaza sakafu kina cha sentimita mbili tatu, weka alama ya penseli ukutani, acha mpaka kesho. Maji yakishuka chini ya alama kwa kiasi ambacho jua na upepo haviwezi kukichukua, pana mahali yanapenya. Vigae vikishawekwa, mwaga ndoo nzima kwenye kona iliyo mbali na tundu ukiwa umesimama pale. Kama maji yanaduara katikati kama dimbwi la masika, fundi asikunje vifaa vyake.

Maji ya kunywa na kuoga ni hesabu nyepesi ambayo wengi hawaifanyi. Watu watano wakitumia lita 50 kila mmoja ni lita 250 kwa siku, kwa hiyo simtank ya lita 1,000 ni siku nne za mgao. Ikijaa ina uzito wa tani moja, ukiacha mnara wenyewe, basi usiiweke juu ya vinguzo vya mbao vilivyobaki kwenye kenchi. Kimo nacho kina maana: kila mita moja ya kimo inakupa sehemu ya kumi tu ya bar moja ya nguvu ya maji. Mnara wa mita tatu utajaza ndoo vizuri, lakini ile mashine ya kuchemsha maji ya kuoga papo hapo huenda isiwake, kwa kuwa nyingi zinataka msukumo mkubwa zaidi. Ama inua mnara, ama weka pampu ndogo, ama chemsha maji jikoni kama tulivyolelewa.

Halafu angalia paa lako. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Bati lenye eneo la mita 100 za mraba, mvua ikinyesha milimita 20 usiku mmoja, linashusha kama lita 2,000, toa kidogo yanayopotea. Gata na bomba la kushusha vitakulipa kabla ya jipsam. Pia vitaokoa msingi, maana maji yanayodondoka mfululizo kandokando ya ukuta huchimba mfereji na kurushia tope plasta ya chini. Tena maji hayo ya mvua yatakufaa kwa ujenzi, maana visima vingi vya pwani maji yake yana chumvi. Yakitumika kuchanganyia plasta, na mchanga nao ukiwa wa baharini, ukuta utatoa unga mweupe na rangi itabanduka kila baada ya muda, hata upake mara ngapi.

Yanayofichwa ukutani

Kabla ya plasta, pita chumba kwa chumba na kiti. Keti mahali kitanda kitakapokaa. Swichi ya taa unaifikia? Soketi ipo upande wa kichwa, au itajificha nyuma ya kabati? Jokofu litakaa wapi, na pasi utapigia wapi? Vikopo vya swichi vinatakiwa kuingia ukutani sasa. Kutindua baada ya rangi ni kulipa mara tatu: anayetindua, anayeziba, na anayepaka.

Kwa nyaya, kawaida ni milimita za mraba 1.5 kwa taa na 2.5 kwa soketi. Jiko la umeme au mashine ya maji moto vipate waya wao mnene unaotoka kwenye sakiti breka yake. Waya wa athi usirukwe. Mafundi wa bei rahisi huuruka kwa sababu taa huwaka bila huo, na wewe hutajua mpaka siku jokofu litakapokurusha ukiwa peku. TANESCO watahitaji wairingi iliyofanywa na fundi mwenye leseni ya EWURA, kwa hiyo anayekuambia "mimi nitafunga, muhuri tutautafuta" anakuuzia matatizo. Omba kuunganishwa mapema kuliko unavyofikiri, hasa kama nyumba yako iko mbali na nguzo. Na ukishapata mita ya LUKU usishangae yuniti kuja pungufu unaponunua umeme: tangu mwaka 2021 kodi ya jengo hukatwa humo humo.

Kuvuta umeme kwa jirani "kwa muda" naelewa kwa nini watu hufanya. Waya unapita juu ya michongoma, mvua inanyesha, na mwisho wa mwezi mnagombana nani kamaliza yuniti. Taa mbili za sola na betri ndogo zitakufikisha kwa heshima zaidi.

Kabla plasta haijapigwa, shika simu yako na upige picha kila ukuta, ukiweka futi ya kupimia karibu na bomba na karibu na waya. Picha hizo zitumie mtu mwingine azihifadhi, maana simu huibiwa. Mwaka wa tano, utakapotaka kutundika televisheni, utajua pa kutoboa.

Mabomba ya maji nayo yajazwe na kuachwa na maji usiku mzima, koki zote zikiwa zimefungwa, kabla ya kufukiwa. Hiyo ndiyo hatua niliyoiruka mimi.

Sakafu na mlango hutegemeana

Hapa ndipo wahamiaji wa kibishi hupoteza hela bila kujua. Kigae pamoja na saruji yake huinua sakafu kwa sentimita tatu hivi, wakati mwingine zaidi. Ukitundika milango leo juu ya jamvi na kuweka vigae mwakani, kila mlango utang'olewa na kukatwa chini. Mlango wa mninga unavumilia randa. Ule mwepesi wenye tundu ndani, ukiukata sana unafunguka kama biskuti. Basi amua mapema. Kama vigae vitakuja baadaye, mwambie seremala aache nafasi hiyo chini na wewe uizibe kwa kipande cha mpira au mbao.

Je, upige niru ukisubiri vigae? Niru ni sakafu nzuri, mama zetu waliing'arisha kwa miaka mingi na hakuna aliyelalamika. Lakini ikiwa laini sana, kigae hakitashika mpaka ichokolewe kwa nyundo na patasi, na hilo ni vumbi tena. Ushauri wangu: chumba utakachoweka vigae ndani ya mwaka, acha zege lililosawazishwa kwa ubao, tandika kapeti la mpira, fagia kila siku, vumilia. Chumba ambacho kwa kusema kweli hutakigusa miaka mitano, piga niru yenye rangi uishi nayo bila aibu.

Ukifika kwenye vigae, pima mwenyewe. Chumba cha futi 12 kwa 12 ni kama mita 13.4 za mraba. Kigae cha sentimita 40 kwa 40 kinaingia 6.25 kwa mita moja, kwa hiyo ni 84, ongeza kama kumi kwa vinavyokatwa na kuvunjika. Nunua vyote siku moja, na soma namba kwenye boksi. Rangi ya toleo moja hailingani na ya toleo jingine hata jina likiwa lile lile, na siku utakaporudi Kariakoo kutafuta vinne vilivyobaki utaambiwa "hiyo imeisha, ipo inayofanana." Haifanani. Boksi moja lisilofunguliwa lihifadhi chini ya kitanda. Bafuni na kibarazani usichukue kigae kinachong'aa, hata kikupendeze vipi. Na fundi akimaliza, gonga kila kigae kwa sarafu. Kinacholia tupu hakikujazwa saruji chini, na kitapasuka siku mguu wa kabati utakapokikalia.

Mbao iwe imekauka. Milango ya Keko inapendeza ikiwa imepangwa barabarani, lakini mbao mbichi hujipinda ikishaingia nyumbani kwako. Kama hela haitoshi milango yote, funga ya nje miwili, ya bafu na ya chumba cha kulala. Iliyobaki, mapazia.

Uwazi wa juu

Kuna kitu kimoja kwenye nyumba isiyo na dari ambacho watu hukidharau: uwazi kati ya ukuta na bati. Mbu wa malaria hupenda kuingilia hapo, na watafiti wa Taasisi ya Afya Ifakara wameufanyia kazi uwazi huo kwa miaka mingi. Kabla ya kitanda kuingia, ziba uwazi kwa tofali au wavu, na weka wavu kwenye madirisha yote, hata yale yasiyo na vioo bado. Gharama ya wavu ni ndogo kuliko ya kioo na kazi yake usiku ni kubwa zaidi. Chandarua bado kinahitajika.

Bati la Dar es Salaam saa nane mchana halina huruma. Kama huwezi dari ya nyumba nzima, fanya ya chumba cha kulala peke yake, kabla ya kuhamia, kwa sababu kupiga dari juu ya kitanda chenye mtu haiwezekani. Lakini subiri mvua moja kubwa ipite kwanza. Ingia ndani inaponyesha, na chaki mkononi, chora mahali panapovuja. Msumari mmoja uliolegea ukishafichwa na jipsam utakuletea madoa ya kahawia kama ramani.

Rangi nitaipita haraka. Plasta mpya iachwe ikauke, mwezi mmoja ni salama. Ukipaka rangi ya mafuta juu ya ukuta mbichi itatoa malengelenge. Koti moja jeupe la rangi ya maji linatosha kwa kuhamia, linaleta mwanga, na linakuonyesha nyufa. Uzio nao usubiri, panda michongoma.

Jikoni, mtungi wa gesi ukae nje, mpira upite kwenye tundu la ukuta. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatambaa chini, kwa hiyo dirisha la juu peke yake halisaidii. Na jiko la mkaa lisiingie ndani usiku wa baridi hata kwa dakika kumi za kuota moto. Watu wamelala hivyo na hawakuamka.

Mkia wa malipo

Fundi unayemwita "kaka" hubaki kaka ikiwa makubaliano yameandikwa. Karatasi ya daftari inatosha: kazi gani, ufundi kiasi gani, vifaa nani ananunua, inaisha lini, na malipo yanakatwaje. Nunua vifaa mwenyewe, au nenda naye dukani Gerezani ukashike risiti. Lipa kwa hatua zinazoonekana, si kwa siku. Na siku zote bakiza mkia, sehemu ya kumi hivi, ambao ataupata baada ya mwezi mmoja wa matumizi. Mwambie tangu mwanzo, si mwishoni, vinginevyo ni dhuluma na yeye atakuwa na haki ya kukasirika. Mkia huo ndio unaomrudisha kuangalia koki inayodondosha. Bila huo utapiga simu mpaka uchoke, "nipo safari, bosi."

Usiwaweke mafundi wa kazi mbili chumba kimoja siku moja. Mpaka rangi atamlaumu wa jipsam, wa jipsam atamlaumu wa umeme, na wewe utalipa wote.

Siku ya kirikuu

Hamia kabla ya masika au vuli, au baada yake. Barabara za mtaani zikilowa, kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, itakwama mita 300 kabla ya nyumba na vitu vitabebwa kichwani. Wiki moja kabla, nenda na mkoba wa vitafunio ukasalimie majirani wa pande zote nne, kisha ukajitambulishe kwa mjumbe na ofisi ya serikali ya mtaa. Watu hao ndio watakaopiga kelele ukivamiwa. Ukitaka dua au sala ya kufungua nyumba, ifanye ndogo. Nyumba isiyo na vioo haihitaji wageni 60.

Kabla vyombo havijashushwa, badilisha vitasa vya milango ya nje. Funguo za zamani zimepita mikononi mwa vibarua wengi mno.

Usiku wa kwanza, kabla ya kulala, fanya mambo mawili. Funga koki zote na uchore alama ya usawa wa maji kwenye simtank. Kisha zima kila kitu, chomoa jokofu, utazame mita ya LUKU kwa tochi: taa yake nyekundu ikiendelea kupepesa, kuna umeme unaokwenda mahali usipopajua. Asubuhi, kabla ya chai, panda ngazi uangalie ile alama.